Binti yangu ameona tunadaiwa. Nimweleze vipi mkopo wa biashara?

MamaNafaka, Kisumu

Habari zenu wazazi na wafanyabiashara wenzangu.

Mimi nauza nafaka soko la Kibuye: maharagwe, ndengu, mchele wa Ahero, na mahindi yakiwa na bei ya kueleweka. Binti yangu ana miaka 11, yuko gredi ya sita, na wakati wa likizo hushinda nami kibandani. Hesabu anazijua sana, kwa hiyo jioni humpa daftari ajumlishe mauzo. Juzi akafunua kurasa za nyuma ambako huandika mali niliyochukua kabla ya kulipa. Akakuta: maharagwe magunia 10, 104,000, kulipa tarehe 14.

Akaniuliza, "Mama, kwani haya maharagwe si yetu?"

Nikamwambia ni yetu, ila bado hatujalipa. Akanyamaza. Usiku, tumeshazima taa, akauliza kama mwenye lori anaweza kuja kutuchukulia TV. Hakulitoa hewani swali hilo. Jirani yetu kwenye ploti alichukuliwa vitu na madalali, na watoto wote walisimama pale uani wakitazama kochi likipakiwa. Shuleni nako wamefundishwa "kukopa harusi, kulipa matanga". Kwake yeye hesabu imekamilika: mama amekopa, harusi tumekula, sasa tunangoja matanga.

Nikamwambia biashara zote hukopa, hata zile kubwa. Akaniuliza, "Kama wana pesa nyingi hivyo, wanakopa ya nini?" Nikamwomba anipe siku chache nimjibu sawasawa, maana swali lake ni la mtu mzima.

Kwa wasiojua kazi yetu, niseme kidogo. Lori likifika na maharagwe kutoka upande wa Busia, nina njia mbili. Nikiwa na pesa taslimu, gunia la kilo 90 ni 10,000. Nikichukua sasa nilipe baada ya wiki mbili, gunia hilo hilo ni 10,400. Nikipima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, napata magorogoro 45, na kila gorogoro huenda kwa 260. Yaani gunia likiisha vizuri linaniletea 11,700. Humo natoa gharama ya mkokoteni, ushuru wa soko, na hasara ya yale yaliyotobolewa na wadudu. Bei hupanda na kushuka, lakini hesabu iko karibu na hapo. Bila huo mkopo wa lori nisingekuwa na magunia 10 kwa mpigo, ningekuwa na matatu.

Sitaki mtoto alale na hofu kwa sababu ya daftari langu. Pia sitaki akifika miaka 18, apate kitambulisho na laini, aanze kukopa kila programu ya simu kwa kuwa mama alimwambia kukopa ni kawaida. Waliowahi kumfundisha mtoto jambo hili, mlianzia wapi? Mlitumia nini? Na nimwonyeshe yote, au mengine ni ya watu wazima? Tafadhali msiniambie tu "mfundishe kuweka akiba". Kopo la akiba analo tayari, na ana pesa nyingi kunishinda.

MwalimuRiftValley, Nakuru

Mama Nafaka, pole kwa lile swali la TV, na hongera kwa kutomfokea. Wazazi wengi hapo wangemwambia "mambo ya wakubwa hayo", na mtoto angekaa na woga wake hadi auzoee.

Mimi nafundisha junia, yaani gredi ya saba hadi ya tisa. Mada za pesa tunazigusa katika Pre-Technical Studies, lakini kitabu hutaja benki, sako (ushirika wa akiba na mikopo) na chama kisha kinaendelea. Watoto hukariri majina bila kujua kwa nini mtu mwenye duka lililojaa anakopa. Kwa hiyo mimi huanzia kwa jambo la hapa kwetu.

Supamaketi ya Nakumatt ilianzia Nakuru, ikiuza magodoro, na hata jina lake limetokana na hayo. Tuskys nayo asili yake ni Rongai, kaunti hii hii. Huwauliza watoto: mama yako akinunua unga kwenye supamaketi, analipa lini? Wanasema papo hapo. Je, supamaketi ilimlipa lini mwenye kiwanda cha unga? Hapo wananyamaza. Ndipo nawaeleza kwamba mwenye unga aliuleta akakubali kungoja, pengine siku 30, pengine 60 au zaidi. Supamaketi inauza unga leo, inashika pesa leo, na deni ni la miezi ijayo. Katikati hapo ina pesa mkononi ambazo si zake.

Halafu swali la pili: utafanya nini na pesa hizo unapongoja? Darasa likifika hapa huchangamka. Mmoja atasema anunue unga zaidi. Mwingine atasema afungue tawi jipya. Nawaambia wote wawili wanaweza kuwa sawa, mradi siku ya kulipa ikifika pesa ziwe zimerudi. Tawi jipya halirudishi pesa kwa siku 60, linaweza kuchukua miaka. Nakumatt ilipanuka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Wauzaji walipochelewa kulipwa waliacha kuleta mali, rafu zikabaki tupu, wateja wakaenda kwingine, na pesa za kulipa deni zikazidi kupungua. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama, ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa.

Angalia vizuri: duka halikufa kwa kukosa wanunuzi wa unga. Lilikopa pesa za muda mfupi likazitia katika kazi ya muda mrefu. Mtoto wa miaka 11 analielewa jambo hilo kabisa ukimwekea tarehe. Binti yako mwonyeshe tarehe mbili kwenye lile gunia: siku linapoisha kuuzwa, na siku ya kulipa. Ile ya kwanza ikitangulia, deni lenu ni salama. Naamini ndilo jibu analolitafuta usiku.

Fundi_Kondele

Mimi nitasema tofauti na msinikasirikie. Miaka 11 ni mapema. Acha mtoto ajue kwanza pesa inavyopatikana kwa jasho. Mimi nina karakana ya kuchomelea milango na madirisha, na sichukui mkopo. Mteja analeta nusu ya pesa kabla, nanunua vyuma, nafanya kazi, naletewa nusu nyingine. Hakuna anayenidai. Mtoto wangu namfundisha hivyo.

MwalimuRiftValley, Nakuru

Ndugu Fundi, sikukasirikii, ila naomba ulitazame tena. Mteja anayekupa nusu kabla hujamfanyia kazi amekukopesha. Unashika pesa yake na unadaiwa mlango. Ukiugua kabla ya kuumaliza, unadaiwa. Tena ni mkopo mzuri kuliko ya wengi wetu, kwa sababu hauna riba. Mwonyeshe mtoto wako na hilo pia.

Fundi_Kondele

Hapo umenipa la kufikiria, mwalimu. Kweli mteja akishalipa silali nikijua mlango haujaisha.

Nyaugenya22

Kwa upande wa simu, mama, mwanzishie na Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio wa Safaricom, maana mtoto anaijua. Ukikopa salio la 50 unapata 45, kwa sababu asilimia 10 inakatwa palepale. Mwulize hiyo 5 imenunua nini. Imenunua kuongea sasa badala ya kungoja kesho. Kisha mwulize: baada ya kuongea, kuna kitu kimebaki unachoweza kuuza ulipe? Hakuna. Maharagwe yako yanabaki na yanauzwa. Mimi mdogo wangu nilimweleza hivyo akaelewa kabla chai haijapoa.

Mstaafu_wa_Sako, Kakamega

Mama Nafaka na wengine wote, salamu. Nilikuwa afisa wa mikopo kwenye sako moja huku kwetu hadi nilipostaafu, na nimekaa meza moja na watu wazima wengi, wengine wakiwa na shahada, ambao hawakuweza kuniambia mkopo waliousaini utawagharimu shilingi ngapi. Walijua asilimia tu. Ndiyo maana nafurahi kuona mzazi anauliza mtoto akiwa bado gredi ya sita, na nitaandika kwa urefu kidogo, mtanivumilia.

Jambo la kwanza ambalo ningetaka mtoto alijue ni kwamba asilimia peke yake haisemi kitu mpaka uambiwe ni ya muda gani. Chukua mikopo hii. Sako nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi. M-Shwari, mkopo wa simu, ilipoanza Novemba 2012 ilikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ulipozinduliwa Novemba 2022 ulitangazwa kwa asilimia 8 kwa mwaka. Mtoto akiandika 1, 7.5 na 8 kwenye karatasi atasema wa Hustler ndio ghali kuliko yote. Mwambie aiweke yote kwenye mwaka: 12, 90, na 8. Orodha imepinduka. Zoezi hili dogo lina manufaa kuliko mahubiri ya saa nzima juu ya ubaya wa deni.

Jambo la pili, riba inatozwa juu ya nini? Hapa mama una kifaa ambacho wazazi wengine hawana, nacho ni maharagwe. Weka punje 30 mezani, kila punje ni shilingi 1,000. Umekopa 30,000 kwa miezi 10, asilimia 1 kwa mwezi. Kila mwezi mtoto aondoe punje 3, hizo ni malipo ya mkopo wenyewe. Lakini kabla ya kuziondoa, ahesabu zilizoko mezani na kutoza asilimia 1 ya hizo. Mwezi wa kwanza riba ni 300, wa pili 270, wa tatu 240, hadi wa mwisho 30. Akijumlisha atapata 1,650.

Sasa arudishe punje zote 30 mezani na kuanza upya, ila safari hii riba iwe 300 kila mwezi bila kujali punje zilizobaki. Atapata 3,000. Asilimia ni ile ile 1, na miezi ni ile ile 10. Mkopeshaji wa pili anakutoza riba ya punje ulizokwisha kumrudishia. Wengi huita riba ya salio linalopungua na riba ya kudumu, lakini usianze na majina. Punje zikishaondoka mezani, mtoto atauliza mwenyewe kwa nini zinatozwa bado.

Jambo la tatu ni dhamana, na hili ndilo la TV. Mtoto wako anaogopa kwa sababu hajui kilichofungwa kwenye mkopo. Mwambie kila mkopo una jibu la swali moja: nisipolipa, mkopeshaji atashika nini? Sako hushika akiba yako na wadhamini wako. Kwa kawaida unapata hadi mara tatu ya akiba, na wenzako hutia sahihi kwamba ukishindwa watalipa wao. Benki inaweza kushika hati ya shamba au logibuku ya gari. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana ya mali inayohamishika, hata ng'ombe, mashine na mali iliyo stoo vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana. Wapo pia wanaokopesha kwa kuandikisha vyombo vya nyumbani, na nadhani ndiyo yaliyomkuta jirani yenu. Mwenye lori ameshika nini chako? Nadhani hajashika kitu kilichoandikwa, ila ameshika jina lako. Usipolipa, lori lijalo halisimami kwako, na madereva wa soko zima watajua kabla ya jua kutua. Mwambie binti yako hivyo hivyo: hawachukui TV, lakini hawatupi maharagwe tena, na kwetu hilo ni zito kuliko TV.

Kuna funzo moja la huku magharibi ambalo naona watoto wetu wanastahili kulipata. Mwaka 2019, mwezi wa Septemba, benki ya KCB ilimweka msimamizi katika kampuni ya sukari ya Mumias kwa sababu ya deni. Watu waliijadili habari ile kama jambo la benki na kiwanda. Lakini mkulima anayepeleka miwa leo na kungoja malipo kwa miezi naye ni mkopeshaji. Hakutia sahihi popote kuwa anakopesha, wala hakuuliza riba, wala hakushika dhamana. Mambo yakiharibika, aliyeshika dhamana anakaa mbele ya foleni, na asiyeshika anakaa nyuma. Mtoto akijua tu kwamba kutoa mali kabla ya kulipwa ni kukopesha, atauliza maswali mapema: nitalipwa lini, na nimeshika nini?

Kuhusu swali lako la mwisho, mwonyeshe vyote vinavyohusu duka. Yale ya wateja wanaokudai, ficha majina. Mama wa watu akichukua gorogoro mbili alipe mwisho wa mwezi, mtoto wake hapaswi kuyasikia darasani.

DadaWaDunga

Mzee, maneno yako nimeyahifadhi. Naongeza ya ziwani, maana huku mikopo mingi haina riba kabisa na bado ni ghali.

Mwenye kununua samaki aina ya mbuta anampa mvuvi petroli ya injini na pesa ya kutengeneza nyavu. Hamtozi hata shilingi. Sharti ni moja, samaki wote auziwe yeye, kwa bei anayoisema yeye. Kama ufuoni wengine wanachukua kilo kwa bei fulani, yeye anatoa pungufu ya shilingi 30 au 40, na mvuvi hawezi kumpelekea mwingine mpaka deni liishe. Na haliishi, kwa sababu kesho atahitaji petroli tena. Mimi ni mnunuzi, natoa mikopo ya aina hiyo, na najua ndiyo inayonihakikishia samaki siku ambazo ziwa halitoi. Lakini wanangu nimewaambia ukweli: bei ya mkopo inaweza kujificha ndani ya bei ya mali. Mama Nafaka, hata ile 400 yako kwenye gunia mwenye lori haiiti riba. Mwache mtoto aitafute.

MamaNafaka, Kisumu

Nimerudi. Ero kamano (asanteni) kwenu nyote, hasa mzee wa Kakamega.

Nilianza na zile tarehe mbili za mwalimu. Nilimwonyesha kwenye daftari kwamba maharagwe ya mzunguko uliopita yaliisha siku tatu kabla ya kulipa, na ya kabla ya hapo yaliisha siku ile ile. Akataka kujua kama kuna wakati yalibaki. Yapo, mwezi wa pili wakati shule zilikuwa zimemaliza kununua na watu hawana pesa. Akauliza nililipa na nini. Nikamwambia na pesa ya ndengu, na mwenye lori aliningoja wiki moja zaidi bila kuongeza kitu. Hofu ya TV iliisha hapo. Alipoelewa kwamba nina pa kukimbilia mambo yakikwama, uso wake ulibadilika.

Zoezi la punje tulifanya mezani baada ya chakula cha jioni. Kaka yake wa sekondari akaja kutazama, akabaki. Ile ya 3,000 iliwakasirisha wote wawili. Binti akasema huo ni wizi. Nikamwambia si wizi kama umeambiwa mapema na ukakubali, ndiyo maana lazima uulize mapema.

Sasa jambo lililonirudisha hapa. Dada wa Dunga alisema nimwache aitafute ile 400, na ameipata. Akaniambia: gunia ni 10,000, unalipa 400 zaidi, hiyo ni asilimia 4. Akakumbuka somo la mzee akauliza ni ya muda gani. Wiki mbili. Mwaka una wiki mbili mara 26. Akazidisha, akapata 104. Akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, sako ni 12 na lori ni 104. Kwa nini hukopi sako ukalipa lori taslimu?"

Mzee, nimempa majibu mawili. La kwanza, akiba yangu ya sako kwa sasa inashikilia mkopo wa karo ya kaka yake, na utaisha Novemba. La pili, sako lazima nilipe kila mwezi, maharagwe yauzike yasiuzike, lakini lori huningoja. Akasema la pili amelielewa, na la kwanza maana yake ni kwamba kuanzia Desemba sina sababu. Je, hesabu yake iko sawa? Kuna kitu hajakiona? Nauliza kwa ajili yake na pia kwa ajili yangu.

Mstaafu_wa_Sako, Kakamega

Mama, mpe huyo mtoto mkono kwa niaba yangu. Hesabu yake iko sawa. Nitaongeza yale ambayo karatasi haikumwonyesha.

Ile 400 inalipia zaidi ya wiki mbili. Inalipia pia ile wiki ya ziada aliyokupa mwezi wa pili bila kukudai kitu, na kwamba hakukuuliza mdhamini, na kwamba ukitaka magunia manne tu badala ya 10 unachukua manne. Sako haiwezi kufanya hivyo. Ukishapewa pesa, riba inatembea hata kama lori halijafika au barabara imekatika kwa mafuriko. Kwa hiyo tofauti ya 12 na 104 si pesa ya bure. Lakini hata baada ya kuyatoa hayo yote, pengo ni kubwa mno kuliacha.

Tufanye hivi. Tusiseme magunia yote 10, tuseme 6. Unakopa 60,000 kwa miezi 12, asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Kila mwezi unarudisha 5,000 ya mkopo, na riba inaanzia 600 ikishuka. Riba ya mwaka mzima ni 3,900, mtoto aithibitishe kwa punje 60. Magunia hayo 6 ukiyachukua kwa lori mara mbili kila mwezi kwa mwaka, unalipa 400 mara 6 mara 2 mara 12. Aizidishe mwenyewe. Ni 57,600.

Sasa lile ambalo hata watu wazima hulikosa. Hiyo 5,000 ya kila mwezi itoke kwenye faida, isitoke kwenye pesa ya kununulia maharagwe. Kwa bei ya taslimu unabaki na 1,700 kwa gunia kabla ya gharama, na kwa magunia 6 mara mbili kwa mwezi ni 20,400. Toa mkokoteni, ushuru na wadudu, toa marejesho ya 5,600 ya mwezi wa kwanza, uone kama chakula cha nyumbani bado kinatosha. Kisipotosha, punguza mkopo. Kikitosha, mwisho wa mwaka deni limeisha na thamani ya magunia 6 imebaki kibandani, na safari hii ni mali yako. Hili ndilo jibu la swali lake la kwanza, wenye pesa nyingi wanakopa ya nini. Wanataka mali ianze kufanya kazi kabla hawajamaliza kuinunua.

Yale magunia manne yaliyobaki endelea kuyachukua kwa lori. Usimwache huyo mtu. Aliyekungoja mwezi wa pili atahitajika tena mwezi wa pili mwingine, na akiona umehama kabisa hatakungoja.

Na swali moja la kumrudishia: kama wauza maharagwe wote wa Kibuye wakikopa sako na kununua taslimu, bei ya gorogoro itabaki 260? Mpe siku kadhaa, asikimbilie jibu.

MamaNafaka, Kisumu

Mzee, amesema itashuka, kwa sababu kila mtu ataweza kupunguza bei ili amshinde jirani. Kisha akasema basi tuwahi kabla hawajajua. Sasa ananiuliza anaruhusiwa kuja nami sako au watoto hawaingii.

Mstaafu_wa_Sako, Kakamega

Wanaingia. Nenda mapema Novemba, mara tu mkopo wa karo ukiisha, kwa sababu Desemba foleni ya karo ya Januari huwa ndefu na pesa za kukopesha hupungua. Omba taarifa ya akiba yako, uhakikishe ina angalau 20,000 isiyoshikilia deni lingine. Wadhamini wawe watu unaowajua kazi yao, na kabla hawajatia sahihi mwache binti awaulize kama wanajua watalipa kiasi gani wewe ukishindwa. Wengi hawajui.